Cheo cha Shingoni

Kaka yangu alikuwa akatwe uvimbe wa shingoni siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, kwenye zahanati ya mtaa wa pili, na daktari wa kumkata nilimtafuta mimi. Nasema mapema ili msije mkaambiwa na wengine. Wiki tatu nzima nilimganda: kikate, hicho si cheo, hicho ni ugonjwa, mwanamume mzima unaogopa kisu? Mimi sina subira na sijawahi kuwa nayo. Mama alikuwa akisema nilizaliwa kabla mkunga hajakunja mikono ya gauni lake.

Cheo ndilo jina tulilouita uvimbe huo kwetu. Babu alikuwa nacho, hapa chini ya taya, kama yai la njiwa. Baba alikuwa nacho. Baba wadogo wote wawili wanacho, shangazi anacho, kaka anacho. Hakiumi wala hakiwashi, kinakua polepole miaka nenda miaka rudi, na shangazi akipigwa picha huinua kidevu ili kionekane. "Mwenye cheo ndiye damu yetu," husema, halafu ananigeukia mimi. Mimi sikupata. Tangu nina miaka kumi na mbili vidole vya shangazi vimepita shingoni mwangu kila tunapokutana, havikukuta kitu, na utani ukawa mmoja tu: huyu tulimwokota. Nilikuwa nacheka nao. Iliniuma, sitawadanganya.

Kazi yangu ni kusikiliza mabomba ya maji. Bomba limefukiwa, huoni linapovuja, kwa hiyo asubuhi na mapema kabla magari hayajaanza fujo natembea barabarani na fimbo ya chuma yenye kikombe juu. Ncha naiweka kwenye valvu au kwenye lami, kikombe nakibana kwenye sikio la kushoto. Bomba zima liko kimya. Bomba linalovuja linatoa mlio wa ssss, mrefu, usiokatika. Napiga alama ya chaki, wachimbaji wanachimba, maji yanaonekana. Nimefanya hivyo miaka kumi na mmoja. Idara nzima wananiita Fundi Sikio, na shimo kavu nilikuwa sijachimbisha hata moja.

Jumatatu ya wiki ile nikachimbisha mawili.

Nilikuwa kwenye barabara ya maduka ya vyuma, nimeweka fimbo, nikasikia vuu, vuu, vuu. Maji hayavuji kwa mdundo, ila kama kuna pampu karibu inayoyasukuma, na pampu ilikuwepo nyuma ya maduka. Nikapiga chaki. Wakachimba mita mbili, udongo mkavu, vumbi tupu. Nikasema sogeeni hatua tatu. Wakachimba tena, vumbi. Mwenye duka la misumari akaanza kutukana kwa sababu wateja hawapiti. Nikaweka fimbo ukutani kwake: vuu, vuu. Nikaiweka kwenye tairi la gari lililoegeshwa: vuu, vuu. Tairi jamani, tairi lina bomba gani? Nikaondoa fimbo sikioni kabisa. Vuu, vuu, vuu. Nikajishika mshipa wa kifundo cha mkono, nikakuta mapigo na mlio vinakwenda pamoja.

Wachimbaji walicheka mpaka wakaegemea sururu. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa shimo. Sauti ile nilikuwa naisikia nyumbani miezi minane, nikasema ni pampu ya jirani. Nilishagombana na jirani mara mbili kwa ajili ya pampu hiyo, na masikini hana hata ndoo nzima.

Bosi hakucheka. Alisema Fundi Sikio asiyejua sikio lake ni hasara, akanituma hospitali kuu kesho yake.

Daktari wa masikio alikuwa mama mpole, anaongea taratibu mpaka unatamani kumsukuma. Alichungulia sikio langu, akachungulia tena. Akapuliza hewa kidogo ndani kwa kipira, akasema, "Aha, kimepauka." Akaniambia nyuma ya ngoma ya sikio kuna kitu chekundu, na kinadunda.

"Kitoe basi," nikasema.

"Taratibu, mama. Hiki hakiguswi kwa chuma." Akavuta kiti. "Kinaitwa uvimbe wa glomasi. Ni mishipa ya damu iliyojikusanya, damu tupu. Unachosikia ni damu yako mwenyewe inapita humo. Mtu akikata kipande apeleke maabara, kama tufanyavyo kwa uvimbe mwingine, utamwaga damu hapa hapa kwenye kiti. Tutapiga picha tujue umetokea wapi."

"Ni saratani?"

"Mara chache sana. Ni wavivu hawa. Huongezeka milimita moja kwa mwaka, pengine hata hiyo haifiki. Shida yao ni mahali wanapokaa. Huyu wa sikioni atakula usikivu wako pole pole. Wa shingoni hubana neva, mtu sauti inakwaruza, chai inampalia." Akachukua kalamu. "Na huwa unakwenda kwa ukoo. Kwenu kuna mtu mwenye uvimbe shingoni?"

Nikaangua kicheko. Nikamwambia habari za cheo, za babu, za shangazi na kidevu chake, na kwamba mimi ndiye mtoto wa kuokotwa. Nilikuwa bado nacheka nilipoona yeye hacheki.

"Shangazi yako ana watoto?"

"Watano. Hakuna hata mmoja mwenye cheo. Miaka yote anamlaumu mumewe, eti damu nyepesi."

"Amwache mumewe. Kwa ukoo kama wenu baba ndiye anayewaachia watoto. Mama akiwa nao, wanawe kwa kawaida huponyoka. Wewe umeachiwa na baba yako. Hukuokotwa."

Sijui kwa nini machozi yalinitoka hapo, na sio aliposema habari ya usikivu. Halafu nikakumbuka, nikakauka.

"Daktari, kaka yangu anakatwa cha kwake keshokutwa."

"Wapi?"

Nikamtajia zahanati. Akaweka kalamu chini. Ndiyo mara ya kwanza kumwona mama yule akiharakisha maneno. Alisema uvimbe ule wa shingoni hukaa kwenye njia panda ya mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani, umeukumbatia, na kwa juu unafanana na tezi ya kawaida. Kwenye zahanati hakuna akiba ya damu wala mtu wa kuushona mshipa ule. "Kuna namna ya kuujua kwa mkono," alisema. "Ukiusukuma kulia na kushoto, unasogea. Ukiusukuma juu na chini, haukubali, kwa sababu umeshikwa na mshipa. Mwambie asiende. Mlete hapa." Akaandika barua, akagonga muhuri.

Jumatano nikaingia kwenye kibanda cha kunyolea cha kaka. Ana viti viwili, vioo vitatu, na redio isiyozimwa. Vioo ndivyo vilivyomchosha. Mteja akikaa anaona shingo ya kaka kabla ya kichwa chake, na swali ni lile lile kila siku. Tena sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza tangu mwanzo wa mwaka. Siku hiyo alikuwa anamnyoa mzee mmoja mwenye povu kidevuni.

"Kaka, kesho huendi."

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo. Huendi."

Nikamweleza yote. Nilieleza vibaya, najua, nilianza mwishoni nikarudi katikati. Akanisikiliza huku wembe unapita, kisha akasema kwa ile sauti yake mbovu, "Mdogo wangu, wiki iliyopita nilikuwa mwoga. Leo ukisikia nimekuwa jasiri, nimekuwa mjinga. Nishike lipi?"

"Wiki iliyopita nilikuwa sijui."

"Na juzi ulijua? Mji mzima umejaa habari zako. Mashimo mawili ya vumbi. Umesikia bomba limepasuka, kumbe ni kichwa chako."

Yule mzee wa povu akacheka, nusura akatwe.

"Nami ninacho, kaka. Cha kwangu kiko sikioni. Kile kile."

Akaniangalia kwenye kioo. Nilidhani amenielewa. "Basi shangazi atakufanyia karamu," akasema.

Nikanyoosha mkono nimguse shingo, nijaribu kulia na kushoto, juu na chini. Akanipiga vidole kwa kitana. Nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa. Akasema sikio bovu ni langu, nitoke nimwachie mteja wake. Nilitoka, mapigo yananipiga sikioni kama mtu anayegonga mlango, na njiani shangazi akanipigia simu kunipongeza. Amesikia ninampinga kaka asikate cheo. Amefurahi, hatimaye nimekuwa na akili, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilijaribu kumweleza kwamba akikichezea hicho cha kwake, siku moja kitamkaba koo. Akakata simu.

Alhamisi saa mbili nilikuwa mlangoni pa zahanati na barua yangu. Yule daktari ni mfupi, mwepesi, anatembea kama anakimbia. Ndiyo maana nilimpenda tangu siku ya kwanza, tulifanana. Alisoma barua amesimama.

"Huyu mwenzangu amemwona mgonjwa?"

"Hajamwona, lakini..."

"Mimi nimemwona. Nimempapasa. Ni tezi, dakika ishirini, mchana atakuwa anakunywa uji."

"Umejaribu kukisukuma juu na chini?"

Loo. Uso wake ulikunjamana. Aliniuliza kama nimekuja kumfundisha kazi, kisha akaniuliza kama si mimi yule wa mashimo, maana mwenye duka la misumari ni shemeji yake. Akamwambia nesi anitoe nje. Kwenye mlango wa ndani nilimwona kaka ameshavua shati, amejifunga shuka, amekaa kitandani anatazama sakafu. Nilimwita. Aliinua mkono tu, kama anayefukuza nzi.

Nilikaa kwenye ngazi. Saa tatu kasoro dakika ishirini. Ningefanya nini? Kupiga kelele? Nilishapiga. Kumvuta kaka kwa nguvu? Ana mabega ya mbeba mizigo. Kila mtu aliyekuwa na sikio alikuwa amenisikia na hakuna aliyeniamini, na sikuwalaumu, mimi mwenyewe siku tatu zilizopita nilisikiliza tairi. Ndani nikasikia bomba linafunguliwa na beseni la chuma linawekwa chini yake. Daktari ananawa mikono.

Nikasimama.

Zahanati ile inachukua maji moja kwa moja barabarani. Tangi lao la akiba limepasuka tangu mwaka jana, nililiona mwenyewe, nikawaandikia mara mbili walitengeneze. Na valvu ya mtaa ule iko kwenye chemba pale kona, chini ya mfuniko wa chuma, na ufunguo wake, ule mrefu wa kunifika kifuani, ulikuwa umefungwa kwenye pikipiki ya idara niliyokuja nayo.

Nikafunua mfuniko. Nikaingiza ufunguo, nikazungusha. Valvu ile ni nzito, ina mizunguko ishirini na miwili, na kila mzunguko niliusikia sikioni mara mbili, wa mkono na wa damu. Mapigo yalikwenda mbio hata nikaona giza. Nilipofika mwisho niliweka mguu juu ya ufunguo nikasubiri.

Hawakukawia. Wa kwanza alikuwa mwenye saluni, nyuma yake mteja mwenye povu kichwa kizima, macho amefumba, anapapasa ukuta. Halafu mama wa mgahawa na sufuria. Halafu nesi na ndoo. Wa mwisho akatoka daktari mwenyewe, mikono juu, sabuni mpaka viwikoni, anauliza nani ana maji, hata ya kunywa. Aliponiona na ufunguo wangu alielewa papo hapo. Aliniita majina ambayo daktari hapaswi kuyajua. Alisema atamkata kaka Jumatatu, na mimi atanikuta polisi.

"Jumatatu nitakuwa hapa hapa," nikamwambia. "Na Jumanne."

Kaka akatoka na shuka lake, kifua wazi.

"Wewe una wazimu? Umefunga maji ya mtaa mzima?"

"Nimefunga."

"Fungua!"

"Vaa shati twende hospitali kuu, nafungua."

Simu ikalia. Ilikuwa bosi; watu walishampigia. Nikaweka sauti kubwa kwa sababu sikio la kushoto halikuwa na faida yoyote wakati ule, na mikono yote ilikuwa kwenye ufunguo.

"Nani amefunga mtaa huo?"

"Mimi."

"Kuna uvujaji?"

Hapo ndipo ningeweza kudanganya. Ningesema ndiyo, bomba linavuja, na miaka kumi na mmoja ingenitetea, labda. Lakini nilikuwa nimeshawachimbisha watu bure mara mbili wiki ile.

"Hakuna uvujaji, bosi. Nimefunga ili wasimkate kaka yangu."

"Fungua sasa hivi," akasema. "Halafu ulete ufunguo na fimbo mezani kwangu. Vyote viwili."

"Sawa."

Kaka alikuwa amesikia kila neno. Anajua kazi ile ilivyonigharimu. Alikuwepo nilipokataliwa mara tatu kwa sababu mwanamke eti hawezi kuinua mfuniko wa chemba. Aliutazama ufunguo, akanitazama mimi, na uso wake ukalegea.

"Umekubali wakufukuze," akasema.

"Sikukubali. Nimefukuzwa."

"Kwa ajili ya hiki?" Akajishika shingo.

"Kaka, mimi naogopa. Basi. Sina maneno mengine, naogopa."

Alisimama pale na shuka lake, mteja wa saluni bado anauliza maji yako wapi. Kisha akaenda kuvaa. Aliporudi alisema, "Twende huyo daktari wako anipapase. Akisema ni tezi, utanilipia kodi ya kibanda mwaka mzima na hutasema neno." Nikafungua maji. Mizunguko ishirini na miwili ya kurudi ilikuwa myepesi kidogo.

Mama yule mpole alimpokea bila kuuliza tulikotoka. Alimlaza, akaweka vidole viwili juu ya cheo. Kulia, kushoto: kilisogea, hata mimi nilikiona. Juu, chini: kaka alikunja uso, cheo hakikwenda popote. Akaweka mpira wa kusikilizia, akafumba macho, kisha akaniita na kunivika masikioni. Nilisikia kwa sikio la kulia, ambalo sijawahi kulifanyia kazi hata siku moja. Vuu, vuu. Nilimrudishia mpira haraka.

Akampaka mafuta ya baridi shingoni, akapitisha kimashine, na kwenye kioo tukauona mshipa mkubwa unapanda, unagawanyika njia mbili, na katikati ya njia panda donge limejaza nafasi yote, limewaka rangi ya damu inayokimbia.

"Hiki kingefunguliwa leo asubuhi," daktari alisema, "usingefika kwenye gari la kukuleta huku."

Kaka aliuliza tu kama sauti yake itarudi. Daktari akamwambia ukweli, kwamba huenda isirudi yote. Kwamba watakikata, lakini kwa mpango, kwa picha, wakiziba kwanza mishipa midogo inayokilisha, akiba ya damu ikiwa tayari. Kwamba mimi cha kwangu watakiangalia kwa picha mwaka hadi mwaka, na kikianza mbio watakipiga mionzi. Niliuliza nitasikia kwa muda gani. Akasema hajui. Nilikuwa nataka jibu, mimi ni mtu wa jibu, lakini nilimshukuru.

Kaka alikuwa anafunga vifungo vya shati. Nilimsaidia cha juu.

"Una watoto?" daktari akamwuliza.

"Watatu."

"Waletwe wote wapimwe, kabla hakijajitokeza. Kikianza kuonekana huwa kimeshakaa miaka mingi."

Kaka akaketi tena kitandani. Daktari akamwuliza kama anajisikia vibaya.

"Wa kwanza anacho," akasema kwa ile sauti ya kukwaruza. "Binti wa mwisho alikuwa hana. Ana miaka kumi na tano, alikuwa analia, tunamtania kama tulivyokuwa tunamtania huyu." Akanionyesha kwa kidevu. "Jumapili nilikuwa namchonga nywele za shingoni, vidole vikakikuta. Kidogo, kama punje ya haragwe. Nikamwita mama yake aje aone. Nikampa mkono, nikamwambia hongera."

Akanishika mkono wa nguo, akauvuta.

"Alirukaruka kwa furaha, mdogo wangu. Chumba kizima."